Atomu ya Waya ya Mwalimu Gicheru

Jumanne, 4 Machi 2025

Mwalimu Gicheru amenichagua mimi na Moffat. Mashindano ya sayansi, Murang'a, wiki ijayo. Mada: jinsi watu walivyoiwaza atomu, kutoka zamani hadi leo. Moffat ataongea, mimi nitatengeneza. Afadhali! Nikisimama mbele ya watu sauti yangu huingia tumboni na kukaa huko.

Tutapanga atomu nne mezani. Ya Dalton ni rahisi — tufe gumu, halivunjiki, basi. Nitaokota jiwe la mviringo. Ya mwisho ni ya mwalimu mwenyewe: pete za waya, shanga zikizunguka. Aliitengeneza alipoanza kazi. Kila Form Two imeishika. Chini amebandika karatasi: ATOMU KAMILI.

Jumamosi, 8 Machi

Ya Thomson imenisumbua. Kitabu kinasema ni kama pudini yenye zabibu. Nani ameona hiyo huku kwetu Ruring'u? Lakini leo cucu, nyanya yangu, alikuwa anaponda mukimo — nikaiona! Viazi ndiyo chaji chanya. Mahindi ndiyo elektroni, yamekwama humo ovyo.

Nikamwambia cucu kuna mzungu alisema atomu ni mukimo. Akauliza, na ni ukweli? Nikasema hapana. Mwanafunzi wake, Rutherford, na wenzake walirusha vichembe kwenye karatasi ya dhahabu. Vingi vikapita, vichache vikarudi nyuma. Kumbe katikati kuna kitu kidogo, kigumu.

"Mwanafunzi wake mwenyewe?"

"Eeh, cucu."

"Na hakuchapwa!"

Amecheka hadi mwiko ukaanguka.

Jumatano, 12 Machi

Maktaba ya mjini, saa ya lunch. Heri nisingefungua hiyo sura.

Atomu ya waya ni ya Bohr, 1913. Ilishapitwa. Elektroni hazizunguki kwa njia yao kama pikipiki kwa raundabauti. Ni kama wingu — unaweza tu kusema ni wapi una nafasi kubwa ya kuipata. Tangu 1926! Tunafundishwa ya waya kwa sababu inaeleweka. Sawa. Lakini si kamili.

Nimemwambia Moffat. Ati, "Wee Wakiuru, nyamaza. Mzee anastaafu Aprili, unataka kumvunjia atomu?"

Nimeenda hadi mlango wa staffroom. Mwalimu alikuwa anapangusa shanga na leso, moja moja. Nikarudi darasani. Hakuniona.

Alhamisi, 13 Machi

Sijamwambia mwalimu. Alikuwa na nafasi saa nne, na saa nane pia. Mimi ndiye sikuwa nayo.

Ijumaa, 14 Machi. Murang'a, saa saba na nusu

Moffat aliongea vizuri. Kwa mukimo majaji walicheka. Kisha jaji mmoja, mama wa miwani, akaninyooshea kalamu. "Wewe hujasema kitu. Hii ya mwisho ndiyo atomu kamili?"

Mwalimu alikuwa nyuma yangu. "Ndiyo" ingetosha. Nikasema hapana. Halafu nikasema yote — wingu, 1926, kwa nini pete zilishindwa kueleza atomu kubwa kuliko ya haidrojeni. Sauti ilitoka, hata sijui kutoka wapi. Mama akaandika, akaandika. Niliipenda hiyo kalamu ikikimbia. Nakiri hapa tu.

Nilipogeuka mwalimu hakuwepo.

Sasa ako kwa basi ya shule, peke yake. Amebeba atomu yake. Matokeo bado. Moffat alimpelekea chai, amerudi na kikombe kimejaa.

"Ameuliza kitu moja tu. Ati ulijua lini."

"Hajauliza kama ni ukweli?"

"Hapana. Lini."

"Ulimwambia?"

"Mimi? Mwambie mwenyewe!"

Nilifikiri atakasirika kwa sababu ya waya. Ningejua la kujibu, niko na vitabu. Kwa hili sina kitabu. Siku mbili nzima nilimwacha apanguse shanga.

Mlango wa basi umefunguka. Anakuja huku. Ameshika ile karatasi ya ATOMU KAMILI, ameibandua. Nitaanza na Jumatano.