Dada Zuhura na Hariri ya Bibi Harusi

Majengo, Alhamisi, 1979

Bado namwona Dada Zuhura alivyoinama juu ya ile hariri. Ni kitambaa cha bibi harusi wa Jumapili, na mjini hakuna kingine cha namna hiyo. Asubuhi nilijaribu kukikata mimi, nikahofia kukiharibu, nikamwachia yeye mkasi.

Akaanza kukata. Nikamkumbuka alipokuwa akitufungia mabao ya mpira wa pete uwanjani Kaloleni. Watu walipiga kelele, naye aliitazama pete tu, kana kwamba yuko peke yake duniani.

Mara gari la zimamoto likapita mlangoni pa duka letu la ushonaji sokoni likilia. Soko zima likakimbilia barabarani, nami nikakimbia. Niliporudi, gauni lote lilikuwa limeshakatwa, vipande vimelala mezani sawasawa.

"Wameuzima moto, Dada."

"Moto gani?"

Nilidhani anatania, lakini hakuwa akitania. Hakuwa amesikia chochote.

Mimi hata nikiswali mawazo yangu huzurura. Sijui kama nitaweza kuwa fundi kama yeye, nami naogopa kumuuliza. Tumelala kitanda kimoja tangu utotoni, na leo nimemtazama kama mtu nisiyemjua.