Gramafoni ya Baba Imekosa pa Kukaa

Kirumba, Mwanza

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Natumaini kifua kimekuachia tangu mvua zilipoanza, na kaka mkubwa anayekusomea barua hii hajambo. Asome polepole, asiruke mstari. Mke wangu na wajukuu zako ni wazima. Mimi pia ni mzima, ila nimejaa hasira, na dawa ya hasira haiuzwi dukani.

Uliniomba nikuletee Nansio ile santuri aliyoimba marehemu baba na zeze lake, kwa sababu tangu meli ilipomrudisha akiwa amefunikwa shuka hutaki tena kuvuka ziwa. Nikakubali. Nikanunua gramafoni ya kuzungusha kwa mkono, niijaribu hapa kwanza kabla ya kukuletea, nikadhani kazi imekwisha. Kumbe ndiyo kwanza inaanza.

Kwanza niliiweka mezani. Jirani yangu, mama mmoja wa Kisukuma mwenye mikono ya chuma, hutwanga kisamvu nyuma ya ukuta wetu. Kila mchi ukishuka sindano inaruka, na baba anakatwa katikati ya neno. Nilimwomba asogeze kinu. Akaniuliza kama baba yangu hakuwa akila.

Mwenzangu kazini, huko tunakochambua pamba, akanishauri niiweke juu ya gunia la pamba, eti pamba inameza mtikisiko. Ikameza kweli. Upande mmoja ulididimia, sindano ikateleza toka mwanzo wa wimbo mpaka mwisho kwa pumzi moja.

Nikaenda kwa seremala. Yeye alidai chombo cha kisasa kinataka stendi ya kisasa, yenye miguu mirefu, myembamba. Kwa wiki tatu nilikula "kesho, bwana." Stendi ilipofika ilipendeza, mbao ya mninga iking'aa, na mke wangu akaivika kitambaa alichofuma. Lakini ukipita karibu inatetemeka kama ndama aliyezaliwa asubuhi. Seremala nilipomwita aone, alitazama sakafu yangu akasema kosa ni la nyumba.

Jumapili shemeji yangu, ndugu wa mke wangu, alikuja kujizoeza ngoma ya kusherehekea Uhuru. Nilimwambia achezee uani. Akachezea ndani. Stendi ilianguka, mama, na santuri ya baba ikapata ufa mwembamba kama unywele. Sikumpiga. Nilitoka nje nikalia, na sioni haya kukuambia.

Sasa nikueleze juu ya jiwe. Pembeni mwa chumba chetu kuna jiwe lililotoka ardhini, limefika kiunoni. Waliojenga nyumba walishindwa kulivunja wakajenga ukuta kulizunguka. Limenikwangua goti mara nyingi, na kila mwezi namlalamikia mwenye nyumba aje aling'oe. Jana nilirudi kutoka kazini nikamkuta mke wangu ameweka gramafoni juu yake, bila kitambaa. Jirani anatwanga, watoto wanakimbizana, shemeji anapiga miguu uani. Sindano haikutikisika. Ufa unagonga tu kila mzunguko, tk, tk, na baba anaendelea kuimba.

Najua utasema hata Nansio mawe yapo. Yapo. Lakini santuri haitafika. Ufa ule hauwezi meli, mawimbi na mikono ya wapagazi, na ikivunjika hakuna nyingine. Nimegeuza jambo hili kila upande, sijapata njia. Nisamehe, mama, ahadi yangu imenishinda.

Kwa hiyo naomba uje wewe. Kaka mkubwa akushike mkono mpaka gatini na mpaka ndani ya meli. Nitakupokea mwenyewe. Wasalimie shangazi na jirani yetu anayekukamulia maziwa. Shangazi mwambie asikutie hofu, ziwa siku hizi limetulia.

Kuna jambo sikukuambia, maana nami sikulijua. Kabla ya jana sindano haikuwahi kuufuata wimbo mpaka mwisho. Pale mwisho baba anaacha zeze, anakuita mara mbili kwa jina lako la usichana, lile ambalo sisi wanao hatuna ruhusa ya kulitamka, wala hapa siliandiki. Kisha ananyamaza, kama mtu anayengoja kuitikiwa. Mke wangu aliniangalia. Hakuna mtu humu ndani anayestahili kuitika.

Mwanao,
Petro