Mkono Mtupu Dirishani

Mjukuu wangu Wambui,

Huku Wamagana sote tuko salama, na ng'ombe amezaa. Umeniuliza nilijifunzaje Kiingereza.

Baada tu ya uhuru nilipeleka fomu mjini Nyeri, nikiomba kusomea uuguzi. Karani akaniambia dirishani, "Hand in." Nilijua "hand" ni mkono na "in" ni ndani, basi nikaingiza mkono mtupu. Foleni nzima ikacheka. Karani akaushika, akanisalimia.

"Sasa nipe fomu, dada. Hand in ni kukabidhi."

Nikampa, lakini sikuondoka. "Hiyo ndani, ni ndani ya nini?"

Akawaza. "Ati ya nini? Kusema kweli, hata mimi sijui."

Uuguzi niliupata. Jibu bado. Wewe uliye huko Uingereza, hebu waulize wenyewe.

Nyanya yako