Masjala Yangu Huria

Mwenzangu, Kiswahili chetu cha shule ya usiku kimeniponza. Leo nimekuwa mtu mzima ovyo.

Waraka wa chuo ulisema, "Kuanzia leo masjala itatumia Ofisi Huria." Nikawaza, kama soko huria, basi kila mtu aingie. Nikafungua milango. Nikawaambia wanafunzi wachukue mafaili yao ya matokeo.

Mafaili, ndugu yangu. Niliwapa mwenyewe.

Mkuu wa chuo akaingia. "Mzee, nini hiki?"

Nikajibu kwa fahari, "Ofisi huria, mkuu. Nimetekeleza."

Akasema polepole, "Mzee wangu, hiyo ni programu ya kompyuta. Ya bure."

Ya kompyuta.

Nastaafu mwezi ujao, na kesho natakiwa kujieleza. Mafaili yamerudi yote, ila sasa hakuna mwanafunzi aliyewahi kufeli.