Maji Kwenye Bomba la Antena

Jumatatu, 8 Machi
Laini yetu ya simu ya redio kwenda Likasi imeharibika tena. Siku ya nne. Sauti zinazama katika mvumo. Nimebadilisha kadi ya kupokea, bure. Zamani ningemwita Papa Mbuyi, aliyenifundisha kazi hii. Wiki iliyopita walimfukuza kazini, kisha nyumbani kwake, katika mtaa uitwao Kenya hapa mjini. Kosa lake ni kwamba baba yake alitoka Kasai, na sasa watu wa Kasai wote wanafukuzwa jimboni mwetu. Yeye mwenyewe alizaliwa hapa.

Jumanne, 9
Shefu, mkuu wetu wa kazi, ametangaza mbele ya wote: watu wa Kasai wameficha mtambo mahali fulani, unatupigia kelele kwenye masafa yetu. Niandike hivyo katika ripoti. Hakuna aliyebisha. Waoga, na mimi mmoja wao.

Jumatano, 10
Nimekwenda stesheni. Familia nzima zimelala sakafuni zikingoja treni ya Kasai. Papa Mbuyi amekonda. Nilimweleza ile kelele, nikidhani atanifukuza. Alifikiri kwanza, kama zamani.
"Ambia ba Likasi bazime mutambo yabo dakika tano. Kama sindano ya mita yako inabakia juu, kuko muntu mwingine anapiga kelele. Kama inaanguka, ugonjwa iko kwetu. Fungula bomba ya antena. Mvua imekuwa mingi."
Wamemnyang'anya nyumba, naye ananisaidia. Nimerudi nikilia njia nzima.

Alhamisi, 11
Dereva wa lori amepeleka barua yangu Likasi.

Ijumaa, 12
Saa sita mchana watu wa Likasi walizima mtambo wao. Sindano ikaanguka mpaka sifuri. Hakuna mtambo wa siri. Haujawahi kuwapo.
Nikapanda mnara, nikafungua bomba linaloshuka kutoka antena. Maji yakanimwagikia viatuni. Mpira wa kuziba ulikuwa umepasuka. Nimekausha, nimeziba upya. Jioni Likasi wanasikika safi.

Jumamosi, 13
Niliandika ukweli: maji. Shefu akaichana ripoti, akaniwekea yake: hujuma ya watu wa Kasai, imezimwa.
"Mama Yvonne, uko na batoto. Tia sinyatire."
Nimetia sahihi. Najichukia.

Jumatatu, 15
Nilipeleka mkate stesheni. Treni ilikuwa imeondoka jana, na Papa Mbuyi ndani yake. Nikampa mkate mwanamke aliyekuwa anafagia.
Mchana fundi wa Likasi alipiga simu. Anataka kumshukuru Papa Mbuyi. Alijua lile jaribio ni lake.
"Haiko tena hapa," nikasema.
Nilimsikia akivuta pumzi, wazi kabisa, bila mvumo wowote. Kisha akakata.