Majaribio Yamefaulu, Toleo la Zamani na Jipya

Ruangwa, Jumamosi jioni

Yamefaulu yote! Kwenye toleo jipya la lugha ya kuandikia programu, na kwenye lile la zamani pia.

Wenzangu tunaotunza nao maktaba hii, yaani mkusanyo wa msimbo wa kupimia programu, walitaka tuliache la zamani. Nilikataa. Programu ya dawa ya zahanati ya kule Mnero, anakofanya kazi dada Zuhura, bado inalitumia, na hupimwa kwa maktaba yetu. Wiki nzima nimehofia kwamba nimejitwika mzigo nisiouweza, hadi leo nilipoitenga ile mistari michache ya msimbo iliyokuwa inagombana na toleo jipya.

Nikampigia Zuhura. "Dada, programu yenu haitaharibika."

"Kwani ilikuwa iharibike?"

Nikacheka, nikamuaga. Nimekata simu nina furaha kuliko siku niliyopata kazi.