Mrenda wa Mama Aliye Hai

Shabani, mdogo wangu,

Mungu akurehemu. Nakuandikia nikiwa kitandani hapa Najma, huku ughaibuni kwenye kazi ya ujenzi, mgongo unaniuma kwa kubeba vigae. Sikusoma kama wewe, niliishia darasa la sita. Lakini nina neno nawe, na uchungu wangu ni kwamba huwezi kunijibu.

Tangu ufe, Mama hajatulia. Kila nikimpigia simu Mumias ananiuliza lilelile: "Watu gani hao wa Misri, wanafukia mtoto wa mtu kama paka, hata mamake hajaambiwa?" Mwalimu mwenzako wa mji mwingine alipopata namba yetu na kutupa habari, ulikuwa umeshazikwa. Mama anawalaani wale watu kila akimaliza kuswali. Mimi nilikuwa naitikia amina.

Sasa sikia. Kwenye jengo letu kule Al Thumama amekuja mpiga plasta, Mmisri, anaitwa Abdu. Aliposikia natoka Kenya alinishika mkono kwa furaha. Akasema kijijini kwao walikuwa na mwalimu Mkenya, aliyejitolea kufundisha watoto Kiingereza, kijana mzuri, akafa kwa homa. Akatoa simu. Nikakuona. Umevaa kanzu yao, umekaa mbele ya sinia, unacheka meno yote nje.

Kabla sijafungua mdomo akasema, "Maskini, yatima yule. Hakuwa na mtu duniani. Mama yangu ndiye alikuwa mama yake."

Kiarabu changu ni cha kazini tu, lakini hilo nililielewa. Yatima, Shabani?

Akanisimulia polepole, mpaka nikaelewa. Siku uliyofika nyumba zilikugombania, kila moja ikaleta sinia yake: njiwa waliojazwa ngano, mkate ulioumuliwa juani. Ukala zote, maana kwao kukataa chakula ni kumtukana mwenye nyumba. Kisha mamake Abdu akakupakulia mrenda, mboga ileile ya kwetu. Ukaonja, ukatoa machozi, ukasema haya ndiyo mapishi ya marehemu mama yako.

Marehemu! Na Mama yuko shambani anachuma mrenda huohuo, anakuombea urudi salama. Mamake Abdu akakukumbatia, akasema tangu leo wewe ni mwanangu. Nawe ukakubali. Sisi ulitupigia ukicheka: "Kaka, huku pia wanakula mrenda!" Tukacheka nawe kama wajinga.

Nakujua. Ulipokuwa mdogo ulikuwa unaingia kwa jirani, Mama Zuhura, unamwambia hujala tangu asubuhi, na mdomo unang'aa mafuta ya chapati za kwetu. Mama alikuwa anasema, "Huyu ana tumbo la nyumba mbili," tunacheka mpaka basi. Sikujua siku moja utamuua Mama kwa sahani ya mboga.

Nilipomwambia Abdu kwamba mimi ni kaka yako, alikaa juu ya mifuko ya saruji. "Wallahi," alisema, "tungejua ana mama, tungempigia kabla ya kumgusa." Babake ndiye aliyekuosha. Wamekulaza kwenye kaburi la ukoo wao, kando ya babu yao. Watu wamekupa mpaka nafasi kati ya wafu wao, na malipo yao ni laana ya Mama.

Kesho ni Ijumaa, hatuna kazi. Abdu atampigia mamake, mimi nitampigia Mama, nikae katikati niwatafsirie kwa Kiarabu changu hiki kibovu, Abdu akinisaidia. Mamake Abdu ndiye aliyeomba. Abdu alimweleza yote, hata laana ya Mama. Na unajua ametuma maneno gani? "Mwambie mama yake kosa ni letu. Mwambie tulipoteza namba ya simu. Asijue mwanawe alisema nini." Amekubali alaaniwe na mtu asiyemjua, ili wewe ubaki mtoto mwema. Nililia, Shabani, mbele ya wenzangu wa kazi, Wanepali na Wahindi, sikujali.

Nimefikiri sana. Ningefuata maneno yake, Mama asingeumia mara ya pili.

Hapana. Umekula kwao vya kutosha. Jina lao jema hutalila. Kesho Mama atausikia ukweli kutoka kwangu, na akinikatia simu nitapiga tena, mpaka amshukuru mwanamke aliyekulilia kabla yetu. Na akishamaliza kulia, nakuahidi nitamwomba akusamehe.

Mimi mwenyewe bado.

Kwaheri, mdogo wangu. Pumzika huko kwa wenyeji wako.

Ni mimi, Juma, wa tumbo moja nawe.